Daktari wa Bi Joha

Kijiwe chetu kiko Al Muraqqabat, hapa Dubai, nyuma ya hoteli anayofanya kazi Daisy, kwenye benchi lililovunjika mguu ambalo mwenye baqala, kiduka cha jirani, alilitupa nje na sisi tukalifunga waya. Kahawa huja na mzee Zahor, Mzanzibari aliyeingia mji huu nywele zake zikiwa bado nyeusi. Kwa kuwa kahawa ni yake, hukaa katikati na tunamwita Waziri. Pembeni yake hukaa Twaibu wa Kampala, askari wa mlangoni, jina la kijiweni Geti. Daisy wa Nakuru hupanga vyakula vya wageni hotelini, basi ni Bafe. Mimi hukalia kreti la soda, na kazi yangu ni kucheka. Jana mwanzoni sikucheka, maana mwenzetu Msellem alifika kanuna, na Msellem si mtu wa kununa.

WAZIRI: Kaa, mwanangu. Nywa kahawa. Kafa nani?

MSELLEM: Hajafa mtu, Ami Zahor. Bima ya mama inakwisha, na ajenti kanipa mpaka Isha nichague mpya.

GETI: Chagua ya bei chini, ssebo. Khalas.

MSELLEM: Ya bei chini, kliniki ya daktari wake haimo. Ile unamchagua daktari mmoja wa mlango wa kwanza, na kwa bingwa hufiki mpaka yeye akuandikie. Ya pili ni pana, unakwenda kwa bingwa umtakaye moja kwa moja, na kliniki yake imo. Lakini kwa umri wa mama, ada yake siiwezi. Ya tatu ni daktari yeyote, ila unatoa mfukoni kwanza, halafu wakurejeshee kiasi.

BAFE: Wee, hiyo nimeshika. Ya kwanza ni chakula ya staff, unakula chenye umepewa. Ya pili unazunguka na sahani. Ya tatu unaenda kula nje, alafu unarudi na risiti ukibembeleza.

Nikamuuliza Msellem kwa nini mama yake asibadili tu daktari. Akakiweka kikombe chini.

MSELLEM: Mwaka jana daktari wake alikwenda likizo, mama akapewa mwengine. Kijana mzuri tu, kamwandikia dawa za presha. Mama hakumwamini. Kazifungia kwenye droo ya kanga, kila siku ananambia kameza. Nikaja kumkuta kakaa chini jikoni, hawezi kuinuka, hajui leo siku gani. Wallahi naogopa. Dawa za daktari wake yule mwanamke ndizo anazomeza, za mwengine hamezi.

Kijiwe chetu kikihuzunika sana kinaugua, kwa hiyo Waziri akajaza vikombe na kufungua kikao.

WAZIRI: Nyinyi mwachagua bima. Chagueni daktari mwenye mvi! Hawa vijana hawakutazami, watazama kompyuta. Kwani kompyuta ndiyo inayoumwa?

GETI: Mvi si kitu, mzee. Mimi nimesimama mlango ya hospitali miaka mingi. Mgonjwa akitoka ndani anatafuta gari yake, huyo daktari ni mzuri. Akitoka ananiuliza mimi dawa inamezwa namna gani, huyo daktari ni bure.

BAFE: Na wewe unamjibu?

GETI: Namjibu. Mara mbili kwa siku, na chakula.

WAZIRI: Audhubillahi!

GETI: Lakini nina plan. Mama aajiriwe kwa kampuni yetu. Bima ya mfanyakazi analipa arbab, bosi mwenyewe.

MSELLEM: Mama yangu awe askari? Ana miaka sabini na tatu.

GETI: Supervisor hatembei. Anakaa kwa kiti na redio.

WAZIRI: Bi Joha namjua mie. Mpeni redio muone kama atatoroka mwizi.

Hapo hata Msellem alicheka, na mimi nikarudi kazini kwangu.

WAZIRI: Lakini langu bora. Chini ya fleti ya Bi Joha pana fleti tupu. Daktari ahamie pale. Jirani akiumwa si unamtazama tu? Bima ya nini?

BAFE: Ahame sababu ya mgonjwa mmoja? Waziri, hiyo kahawa umeweka nini? Nisikizeni mimi. Msellem, huyo daktari ameolewa?

MSELLEM: Nijulie wapi?

BAFE: Wewe uko single na miaka inaenda. Muoe! Mama anapata daktari sebuleni, hakuna bima, hakuna ajenti.

WAZIRI: Ewaa! Hilo sasa neno. Posa naipeleka mie.

GETI: Mimi mlangoni. Bila kadi hakuna kuingia.

Walikuwa wameshaanza kugombea nani atabeba halua, nami nimeshika mbavu, ndipo nikamwona Robinah amesimama nyuma yetu, anatusikiliza. Ni binamu yake Geti, anafanya kazi mapokezi ya kliniki moja huko Bur Dubai, na jana ilikuwa mara yake ya kwanza kuja kijiweni.

ROBINAH: Habari za jioni. Huyo bibi harusi anaitwa nani?

BAFE: Daktari wa Bi Joha.

ROBINAH: Jina lake, nauliza.

Sote tukamgeukia Msellem. Msellem akatugeukia sisi.

MSELLEM: Mie namwita doctor. Mama humwita binti yangu.

ROBINAH: Na ndani huingii naye?

MSELLEM: Paking za hapa si unazijua? Nabaki garini nikizunguka.

ROBINAH: Banange! Daktari mwingine yuko na kliniki mbili. Hii iko nje ya bima, ile iko ndani. Sasa bila jina tunamtafuta namna gani?

Msellem akampigia mama yake na kuweka simu juu ya benchi ili tusikie wote.

BI JOHA: Anaitwa Lamees. Ana watoto wawili, mdogo ana pumu. Wamtakia nini?

MSELLEM: Bima, mama. Kliniki yake haimo.

BI JOHA: Hiyo ya Muraqqabat? Si Jumamosi hukaa Al Warqa, hapa karibu na kwetu! Kanambia tangu Ramadhani.

MSELLEM: Mbona weye hukunambia?

BI JOHA: Hukuniuliza. Weye waniuliza tu, "Ushamaliza, mama? Haya, panda."

Robinah alikuwa ameshaipigia kliniki ya Al Warqa kwa simu yake, anachanganya Kiingereza na Kiarabu, sisi tumemwinamia kama watu wanaosikiliza mpira redioni. Alipomaliza alikuwa anatabasamu.

ROBINAH: Hiyo kliniki iko ndani ya ile bima ya bei chini. Na Doctor Lamees si bingwa, ni daktari wa familia. Maana yake unamchagua yeye awe mlango wa kwanza. Mama akihitaji mtu wa moyo, yeye ndiye anamwandikia. Ajenti akuhakikishie tu kabla hujalipa.

Msellem alijifunika uso kwa kofia yake. Alikuwa analia, na hakuna aliyemtania. Mimi nilifurahi.

BI JOHA: Msellem.

MSELLEM: Naam, mama.

BI JOHA: Na weye, daktari wako nani?

Msellem akairudisha kofia kichwani.

BI JOHA: Na hao wenzako wa kijiweni? Zahor? Nani daktari wako?

Waziri akaanza kufuta vikombe vilivyo safi. Geti, mtaalamu wa kupima madaktari kwa mlango, aliinama akafunga kamba ya kiatu. Bafe alinitazama mimi, na mimi nikajifanya nalitengeneza kreti langu.

BI JOHA: Kadi za bima mnazo nyote pochini. Mwamwekea nani? Jumamosi njooni Al Warqa nikuonyesheni kwa binti yangu. Zahor, weye uanze.

— Inshallah, Bi Joha, akasema Waziri.