Dada wa Laivu Aliyeniita Kabula

Shikamooni mama zangu, na wadogo zangu habari za mchana. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba niseme, nami nimekubali, ila msinicheke mpaka nimalize. Baada ya hapo chekeni mpendavyo.

Wote mnanijua kama Mama Neema, fundi cherehani wa hapa Nyasubi, Kahama. Tangu nimzae binti yangu Neema, mjini hapa hakuna anayeniita jina langu. Hata baba yake akirudi kutoka machimboni Geita, ni Mama Neema tu. Ni heshima, sikatai. Lakini mtandaoni, kwenye simu, nilijisajili kwa jina alilonipa mama yangu: Kabula.

Jioni moja, maharage yakiwa jikoni, nikaingia kwenye laivu ya dada mmoja wa Dar anayeuza viatu mubashara kwenye simu. Nikaandika tu salamu kutoka Kahama. Akaisoma kwa sauti: "Kabula wa Kahama! Karibu mrembo wangu, najua umependeza hata kama sikuoni!" Ndugu zangu, nawaambia, nilitabasamu peke yangu kama mwali. Maharage yakaungua.

Nikanunua. Kesho yake nikarudi. Mimi nimelelewa kwamba mtu akikukaribisha kwa jina, huondoki hivi hivi. Ni kama umemsusia. Hapa sokoni ningeuliza bei, ningeguna, ningepita kwa jirani yake. Kule siwezi kushika kiatu wala kuguna. Naona wenzangu wanaandika "nachukua", "nachukua", naye ananiuliza, "Kabula, nikuwekee au nimpe mwingine?" Hapo akili inahama. Hofu ya kukosa inaniingia kabla sijajiuliza kama nakihitaji. Vingine havikuniingia hata mguuni. Nikavisukumia chini ya kitanda na maboksi yake.

Mwaka huu mama yangu akaugua, kwetu Buseresere. Mdogo wangu akapiga simu: "Dada njoo, mama anakutaja." Nikasema kesho nipo njiani. Nauli nilikuwa nayo. Jioni ile nikaingia laivu, si kwa kununua, nilitaka kufarijiwa. Nikaandika kwamba mama yangu anaumwa sana.

Akasoma: "Jamani Kabula, pole mpenzi, Mungu amponye mama. Haya wapendwa, hivi vyekundu zimebaki pea mbili. Kabula, nikuwekee?"

Nikaandika "nachukua". Nauli ikaenda.

Nilikaa chini na simu mkononi, nikalia. Mpaka leo siwezi kueleza vizuri. Nadhani niliogopa kwamba nikinyamaza, hataniita tena.

Jirani yangu, yumo humu ndani na simtaji, alinikuta hivyo. Nikamwambia yote. Hakunihubiria. Alitoka, akarudi na nauli yetu wote wawili, akasema, "Mama Neema, oga ulale. Basi la asubuhi tunapanda pamoja." Ninyi wengine mkabaki na mwanangu, mkamlisha, mkamsuka na nywele.

Tulimkuta mama amekonda, macho ameyafumba. Nikamshika mkono. Akasema bila kufumbua macho, "Kabula, umefika?" Basi. Hakuwa na cha kuniuzia. Nililia pale mpaka akanikemea nimpe uji. Sasa amepona, anapalilia mchicha wake mwenyewe.

Asanteni sana. Mlinifikisha kwa mama yangu akiwa hai, na hilo sitalisahau. Yule dada wa laivu simchukii, anatafuta riziki na kazi yake anaiweza. Ninachowaomba ni hiki: kidole kikikuwasha kuandika "nachukua", jiulize kwanza umeingia kutafuta nini. Mimi nilikuwa natafuta kuitwa. Viatu nimevileta, viko pale mlangoni. Wenye miguu midogo mtajaribu baadaye, bure kabisa.

Neema ni mwanangu na jina lake nalibeba kwa furaha. Lakini kabla sijakaa, naomba kitu kimoja. Mama mwenyekiti, anza wewe. Niite Kabula.