Wimbo Tuliokuigizia Mwaka Jana

Mgeni rasmi, wauguzi wetu, ndugu na jamaa mliotusindikiza,

KARIBU
Karibu tena katika chumba hiki kilichokuwa cha kufulia mashuka ya hospitali. Ukisikia tone linadondoka, ni bomba. Halijawahi kukosa zoezi, tofauti na katibu wetu. Sisi ni watu ishirini na wawili: wapo wasioona, wa viti vya magurudumu, na wasiosikia, ambao huweka viganja kwenye ngoma kubwa ili mdundo uwafikie. Yupo na mmoja ambaye hatujajua ana nini, ila siku ya chai hakosi.

HISTORIA NA MAFANIKIO
Tulianza miaka sita iliyopita, na sheria yetu ni moja: hakuna anayevuka mstari wa wimbo kabla mwenzake wa mwisho hajafika.

Fanikio letu kubwa ni Fundi, seremala ambaye kiharusi kilimnyang'anya maneno yote. Mwalimu wetu wa tiba alimgonga kiganja polepole, pigo moja kwa silabi moja, akamfundisha kuimba kile alichoshindwa kusema. Mwezi wa tatu wa mazoezi hayo, Fundi alimwimbia mkewe: "Mama watoto, chai haina sukari." Mama alilia kwanza, sukari ikafuata. Tangu hapo mstari wa tatu wa wimbo wetu ukawa wake peke yake.

CHANGAMOTO
Hapa kwa kawaida hutajwa paa. Paa linavuja, ndiyo, lakini changamoto yetu ni sisi wenyewe.

Mgeni rasmi, mwaka jana ulituambia tumeimba kama mtu mmoja. Hatukuimba. Nyuma ya pazia kulikuwa na spika, na ndani yake kwaya ya jirani iliyorekodiwa. Sisi tulichezesha midomo tu. Tuliogopa utaangalia saa Fundi akikwama. Tukamwambia, "Fundi, hebu katuangalizie birika jikoni." Akaenda, maana alituamini. Ukuta wa jikoni ni mbao. Alisikia mstari wake ukiimbwa na mtu mwingine, upesi, bila kosa, kisha makofi.

Tulimkuta amekaa, birika limekauka motoni. Tangu siku hiyo hajaimba wala kusema. Mkewe alituambia, "Nyie ndio mliomrudishia mdomo, na nyie ndio mlioufunga." Cheti ulichotupa tumekigeuza, kinatazama ukuta.

MAOMBI
Hatuombi paa leo. Fundi amekuja, ameketi mstari wa mbele karibu na mkewe. Baada ya risala hii tutaimba kwa midomo yetu, na tukifika mstari wa tatu tutanyamaza. Huenda tukangoja sana. Huenda asiimbe kabisa, na hiyo ni haki yake. Tunakuomba ungoje nasi, na usipige makofi ya kutuokoa.

Na kwako Fundi, mbele ya mgeni ambaye tulikuficha asikuone: tulikuonea haya, na aibu ilikuwa yetu. Tusamehe. Tutakungoja.

Mungu akujalie subira, mgeni rasmi, na akurudishe kwako salama hata ukichelewa.

Ni sisi,
Kikundi cha Tiba kwa Muziki, Chumba cha Kufulia