Gari la Pak Ngadimun Linatazama Bondeni

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika gereji ya ushirika wetu wa viazi hapa Dieng, kwenye milima ya Java, fundi wetu mzee, Pak Ngadimun, anastaafu rasmi tarehe 31 Julai. Amechagua siku vibaya. Julai ndipo umande unapoganda juu ya majani ya viazi, na ndipo magari ya dizeli yanapogoma kuamka. Sisi tunaopanga safari za mizigo kwenda sokoni tulimsihi angoje hadi Septemba. Alicheka, kisha akakataa.

Wageni kazini hawajui hali aliyoikuta. Zamani kila pikapu ililala kwenye mteremko ikitazama bondeni, ili alfajiri isukumwe na injini iwake ikiteremka. Wengine waliweka chini ya injini jiko la mkaa, lilelile walilotumia kupasha mikono joto usiku. Pak Ngadimun ni mpole, lakini jiko hilo lilimpandisha hasira. "Unawasha gari au unachoma nyumba?" alifoka, kisha akalibeba jiko hadi barazani na kuota moto yeye mwenyewe.

Wengi wetu tunakumbuka mkasa wa dereva Darkum. Alikuwa amenunua betri mpya, akanunua na stata mpya, na bado pikapu yake ilikohoa kila asubuhi bila kuwaka. Alifika gerejini amenuna.

"Moshi wake una rangi gani?" Pak Ngadimun alimuuliza kabla ya kugusa chochote.

"Moshi ni moshi, Pak! Nimeleta gari, sikuja kupigiwa ramli."

"Ni mweupe, au hautoki kabisa?"

"Mweupe. Unanuka dizeli mbichi mpaka mke wangu anafunga madirisha."

"Basi mafuta yanafika, ila hayapati joto la kuwaka. Betri umeionea bure."

Alifungua kipande cha chuma kinachounganisha plagi za hita, zile zinazopasha injini joto kabla haijawaka, akabana waya wa taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, kisha akagusa kichwa cha kila plagi. Taa iliwaka kwenye plagi moja tu. Nyingine zote zilikuwa zimekufa. Darkum alitaka afungiwe mpya aende zake. Pak hakumwachia. Alipima kwanza kama umeme unazifikia plagi ufunguo ukiwashwa, kwa sababu rilei, swichi inayozipelekea umeme, ikiwa mbovu, hata plagi mpya ni pambo tu. Asubuhi iliyofuata, likiwa na plagi mpya, gari liliwaka, na jioni Darkum aliliegesha likitazama mlimani, makusudi, majirani waone.

Hivyo ndivyo desturi ya kusukuma magari ilivyokufa. Leo magari yetu yanalala yakitazama popote, isipokuwa moja: la Pak Ngadimun mwenyewe. Tumemtania kwa hilo miaka nenda miaka rudi, bila kujua sababu.

Juzi nilikwenda kwake kukusanya habari za wasifu huu. Mkewe, Bu Warsinah, alikuwa jikoni akikaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa. Sikuweza kujizuia.

"Pak, fundi mzima wa hita, na gari lako bado linangoja kusukumwa?"

Alimtazama mkewe.

"Plagi zake ni nzima," alisema Bu Warsinah. "Ni mimi. Kwetu ni Pekalongan, pwani, kwenye joto. Aliponileta huku nililia kwa baridi. Akaniambia tukae msimu mmoja tu, watu wapate magari yanayowaka. Nikamwambia sawa, lakini gari letu lilale likitazama bondeni, njia ya kwetu. Nikifungua dirisha asubuhi nikalikuta hivyo, nitajua tutakwenda."

"Msimu mmoja!" nikasema.

"Kila mwaka ulikuwa mmoja," akajibu. Hakucheka.

Niseme ukweli: wiki iliyopita, wakati wa chai, kuna waliopanga kuichomoa rilei ya gari hilo, walau tubaki naye siku moja zaidi, na mimi nilikuwa nimeshatafuta spana. Spana nimeirudisha mahali pake. Tutamlilia fundi wetu kila asubuhi ya baridi, lakini Bu Warsinah ametangulia kungoja, na amengoja mno.

Pak Ngadimun, asante kwa kila gari uliloliamsha. Bu Warsinah, asante kwa kutuazima mume wako. Tunawatakia maisha ya joto, jua la pwani hadi mlichoke. Siku ya safari tutakuja sote tumejifunika shuka zetu za sarong, tushike bodi la gari kana kwamba linahitaji kusukumwa. Washa ufunguo, Pak, ungoje taa ya hita izime, kama ulivyotufundisha. Kisha nendeni. Hamna haja ya kugeuza gari.