Tumbo la Fimbo ya Hamsini na Sita

Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda changu cha kunyoa, mkabala na uzio wa uwanja wa gofu. Wanaokaa hapo wote wana kazi zao, ila ukiwauliza watakwambia wanapumzika kidogo. Yupo Inspekta, ambaye hajawahi kuwa polisi hata siku moja. Alilinda ghala la magunia mpaka likafungwa, na tangu hapo hamwamini hata anayemsalimia. Yupo Fundi Geti, mchomelea mageti, anayetembea na tupa ya chuma mfuko wa nyuma kama wengine wanavyotembea na kitana. Na yupo Mama Birika, anayetuuzia kahawa na kutuongezea maneno ya bure. Alasiri ile akaja Kedi, ambaye kazi yake ni kuwabebea matajiri mifuko ya fimbo uwanjani. Alikuwa amekumbatia fimbo tatu alizozifunga kwa taulo, na uso wake ulikuwa na furaha, jambo ambalo pale kijiweni halipiti bila kuhojiwa.

Inspekta: Umezitoa wapi hizo?

Kedi: Nimepewa. Yule daktari wa meno mstaafu ninayembebea mfuko. Kesho ni mashindano yetu sisi makedi. Atakayeshinda anakuwa mwalimu msaidizi wa uwanja. Mshahara wa uhakika, na mfuko habebi tena.

Hakuna asiyeujua mgongo wa Kedi. Akiinama kufunga kamba za viatu huinuka kwa awamu, na siku hizi mkewe ndiye anayebeba ndoo za maji wakati yeye anatembea pembeni akijifanya anasimulia jambo. Ile kazi aliitaka mpaka unamwonea huruma.

Inspekta: Kakupa tu. Mtu na akili zake timamu.

Kedi: Anasema mikono inamtetemeka, hachezi tena. Kaniambia nizitazame, nichague moja. Mbili nirudishe kesho asubuhi, awape wenzangu.

Inspekta: Wenzako wapi?

Kedi: Makedi wengine.

Inspekta: Hao unaoshindana nao.

Kedi: Ndiyo.

Inspekta akaweka kikombe chini. Akishaweka kikombe chini, sisi tunajua jalada limefunguliwa.

Fundi Geti: Hebu lete nione. Mbona zote ni sawa?

Kedi: Si sawa, fundi. Hizi zinaitwa weji. Ni fimbo fupi za kupigia ukiwa karibu na shimo, uso wake umelala ili mpira upande. Tazama namba hapa. Hamsini na mbili, hamsini na sita, sitini. Ni digrii. Namba ikipanda, uso unalala zaidi, na mpira unaruka juu zaidi na kutua karibu.

Inspekta: Nani kasema ni digrii?

Kedi: Kila mtu uwanjani anajua.

Inspekta: Wakijua wote ndiyo mbaya zaidi. Hao wamepangana.

Mama Birika: Mimi hizo namba naziona ni umri. Huyo daktari ana dada zake watatu hawajaolewa. Anakuchagulisha.

Kedi: Mama, mimi nina mke.

Mama Birika: Ndiyo maana hajasema waziwazi.

Fundi Geti alikuwa bado anazigeuzageuza, akizipima kwa kiganja kama mtu anayechagua muhogo.

Fundi Geti: Na hili tumbo je? Hii ya hamsini na sita imevimba huku chini. Zile mbili ni nyembamba.

Kedi: Tumbo linazuia fimbo isizame. Uwanja una mashimo ya mchanga, mpira ukiingia humo lazima uutoe. Mchanga ukiwa laini, yenye tumbo inateleza juu yake. Nyembamba inachimba kama jembe. Lakini mchanga ukiwa mgumu, yenye tumbo inadunda, hapo unataka nyembamba.

Fundi Geti: Na wa kwenu ukoje?

Kedi: Mgumu. Umeshindiliwa miaka yote.

Inspekta alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa imeshuka.

Inspekta: Huyu mtu ulisema alikuwa anafanya kazi gani?

Kedi: Ya meno.

Inspekta: Na meno ya wenye nazo yanazibwa kwa kitu gani?

Mama Birika: Dhahabu. Mjomba wangu alikuwa nalo moja. Siku anafariki halikuonekana, na mpaka leo ukoo hatusalimiani.

Inspekta: Basi. Mtu kang'oa meno maisha yake yote, dhahabu imekwenda wapi? Anastaafu, anaogopa kupekuliwa. Anaiyeyusha, anaimimina kwenye tumbo la fimbo, anampa mtu asiyeshukiwa alale nayo. Halafu anasema, kesho nirudishie mbili.

Kedi: Lakini ninayechagua ni mimi.

Inspekta: Na kwa mchanga mgumu ungechagua ipi?

Kedi: Nyembamba.

Inspekta: Kwa hiyo yenye tumbo inarudi kwa nani?

Hapo hata Mama Birika aliacha kumimina. Sikuipenda hoja ile, lakini sikuona pa kuishika ili niivunje. Kedi aliichukua fimbo, akaigeuza, akaipima mkononi.

Kedi: Ni nzito kidogo.

Kwa neno hilo akawa ameshanaswa. Fundi Geti tayari alikuwa na tupa mkononi.

Kedi: Kidogo tu, fundi. Hapo pembeni.

Fundi Geti: Nakwaruza tu.

Akaibana fimbo katikati ya magoti akaanza. Kwanza ulitoka unga mweusi, kisha chini yake kukang'aa.

Inspekta: Nilisema.

Fundi Geti: Chuma nacho hung'aa.

Inspekta: Basi endelea, ukifika utajua.

Akaendelea. Jasho likamtoka, vumbi la chuma likamwagikia viatu vya Kedi, na alipoinua tupa, tumbo lote lilikuwa limekwisha. Fimbo ilikuwa bapa kama ubao wa kukatia mboga. Ndani mlikuwa na chuma, na baada ya chuma, chuma.

Inspekta: Mjanja huyu. Kaihamishia kwenye ya sitini.

Fundi Geti alikuwa ameshanyoosha mkono kuichukua ya sitini, mara mzee mmoja mwenye kandambili akavuka barabara akija kwetu. Kedi aliinuka kwa haraka mpaka mgongo ukamshika.

Kedi: Shikamoo daktari.

Daktari: Marahaba. Kaa, kaa, na mgongo wako huo. Nimepita kwako, mkeo akaniambia uko hapa. Nimetoka uwanjani sasa hivi. Wamemwaga mchanga mpya kwenye mashimo yote, laini kama unga. Nikasema nikuwahi kabla hujachagua, maana nyembamba kesho itazama. Chukua yenye tumbo, mwanangu. Ndiyo niliyotaka ubaki nayo tangu mwanzo, ila sikutaka nikuamulie.

Akanyoosha mkono. Kedi akampa fimbo, kwa sababu hapakuwa na namna ya kutompa. Mkono wa mzee ulikuwa unatetemeka kweli, kichwa cha fimbo kikawa kinagongagonga tofali la benchi. Akapitisha kidole gumba kwa chini. Akapitisha tena, polepole.

Daktari: Hii ilikuwa na tumbo. Limekwenda wapi?

Fundi Geti alikuwa ameikalia tupa. Kedi alitazama viatu vyake, akajaribu kuvipangusa, akaacha. Inspekta, ambaye kila apitaye barabara ile amekwisha kumhoji, alimnyooshea Mama Birika kikombe bila kuinua macho. Mama akaliinamisha birika, akalitikisa.

Mama Birika: Imekwisha.

Mzee hakuwa na hasira. Alisimama tu akisubiri jibu, na fimbo ikaendelea kugonga tofali.