Nililipokea Jani la Sale

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi tuliochoka.

Mimi ni mjane, mama Elirehema. Mume wangu alizikwa kwenye migomba yetu, kule juu Meru. Miaka ile bei ya kahawa ilianguka, na watu wa mjini wakawa wanapanda mlimani kutafuta viwanja. Tulipomaliza matanga tu, shemeji yangu akanitoa mimi na mwanangu. Alisema mwanamke hana shamba. Tukapanga chumba Sombetini, huku mjini, nikawa nafua nguo za watu.

Ndugu zangu, nililia mpaka machozi yakakauka. Ibadani nilikaa kama gunia, nyimbo zinanipita.

Siku moja shemeji akaja na wazee wawili, ameshika jani la sale, ule mmea wa mipakani. Mnajua, jani hilo likiletwa huwezi kukataa; utasamehe hata kama moyo unauma. Nikalipokea. Mzee mmoja akasema, "Basi, mama, yameisha." Nikaamini yameisha yote, na shamba pia. Niliposikia shemeji amepata mnunuzi na kahawa inang'olewa, nilinyamaza. Niliona nikishtaki nitakuwa nimevunja msamaha mbele za Mungu. Nikamwomba anichukue tu.

Hakunichukua. Alimleta mwanasheria, binti anayekaa Lemara, kwenye semina ya akina mama hapa kanisani. Nilipomweleza habari ya jani, akaniuliza, "Mama, ulimsamehe shemeji, au ulimpa shamba?"

Nilikuwa nimesamehe tu! Shamba sikumpa mtu.

Tukaenda mahakamani. Shemeji akawaleta wale wazee waseme kuhusu jani. Hakimu akawasikiliza kwa heshima, kisha akasema nimesamehe kosa, lakini haki yangu na ya mtoto iko palepale. Nikashinda, na sitawadanganya, sikufurahi. Kahawa haikuwepo tena. Nyumba ilikuwa imebomolewa. Kaburi la mume wangu nililitafuta kwa mikono kwenye udongo uliochimbuliwa. Mpaka leo kuna asubuhi naamka sina nguvu kabisa. Lakini naamka kwangu, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Na wewe mama uliyekaa nyuma pale, uliyefukuzwa, mtegemee Yeye hata kama humsikii. Wakikuletea jani, lipokee. Samehe kabisa. Kisha vaa viatu, uende mahakamani.