Pindo Lililoficha Watoto wa Alasiri

RISALA YA KIKUNDI CHA WASHONA MAPAZIA WA CHUMBA CHA NYUMA KWA MGANGA MKUU WA MJI

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa mji wetu. Muuguzi mkuu wa kituo hiki cha afya. Mwalimu wetu wa hesabu. Majirani, pamoja na wajukuu mlioahidi kukaa kimya: hamjambo nyote.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu tena. Mwezi uliopita, katika ukumbi huu huu, ulimwona mwenzetu amesimama akiegemea ukuta, ukainuka ukampa kiti chako. Hukungoja shukrani. Sisi tuliona. Ndiyo maana kiti chako leo kina mto. Tumeushona wenyewe, na ukiondoka uondoke nao.

TULIKOTOKA

Sisi ni akina bibi tunaoshona mapazia katika chumba kilicho nyuma ya duka la madaftari. Wengi wetu tunalea wajukuu wakati mama zao wako kazini. Kila Jumamosi mwalimu huyu, mtoto wa mwenzetu mmoja, hutufundisha takwimu bila kudai chochote. Mwanzoni tulimwambia, "Mwanangu, macho haya yamebaki ya kutungia uzi tu, usituongezee mzigo." Akacheka. "Mama zangu," akasema, "mtu anayejua kupanga vitambaa kwa rangi na kwa urefu atashindwaje kupanga namba?"

Muuguzi mkuu aliposikia tunasoma, akatupa kazi. Kadi za chumba cha watoto zilikuwa zimejaa kwenye maboksi, na wauguzi hata chai wanainywa wamesimama. Akafunika majina, akatuachia saa aliyofika kila mtoto. Tukagawa kadi mafungu matatu: asubuhi, mchana na alasiri. Kila mtoto tulimchorea kijiti, na kijiti cha tano tukakilaza juu ya wenzake wanne ili kuhesabu kuwe rahisi. Aliyepotea njiani alianza upya, wala hakuchekwa, isipokuwa na mwenzetu Bi Pindo, ambaye humcheka kila mtu kwa haki sawa.

MAFANIKIO

Vijiti tukavigeuza jedwali, na jedwali tukaligeuza mchoro. Wengine huchora kwa kalamu, sisi tulishona. Juu ya kitambaa cheupe tuliweka nguzo tatu za rangi, zote upana mmoja, maana nguzo nene humlaghai mtazamaji hata kama si ndefu. Mmoja wetu alitaka ya asubuhi iwe na maua. Tulimkatalia kwa upendo, naye ametusamehe kiasi.

Upana wa kidole kimoja ni watoto watano. Asubuhi ilipata vidole kumi na viwili, mchana kumi, alasiri tisa.

Tena elimu hii imetusaidia hata sisi kwa sisi. Siku hizi tukibishana ni nani huchelewa kazini, hatupandishi sauti. Tunasema tu, "Lete jedwali," na mchelewaji anajikuta amepata kazi nyingine ya kufanya upande wa pili wa chumba.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba utusikilize kwa makini.

Bi Pindo ndiye mkubwa wetu. Jina hilo tumempa kwa sababu mikono yake haiwezi kuupita ukingo wa kitambaa ulio wazi. Ana mjukuu wa kike mwenye pumu, na kifua cha yule mtoto hubana baada ya shule. Alasiri hiyo hiyo Bi Pindo humleta hapa, na muuguzi wa zamu, akimwona mlangoni, huwa ameshaanza kuandaa dawa ya kuvuta kabla bibi hajafungua mdomo.

Asubuhi ya ule mkutano wa mwezi uliopita, tulipokuja kukuonyesha mchoro, Bi Pindo aliona chini ya mchoro wetu nyuzi zinaning'inia. "Mnampelekea mgeni kitu hakina pindo?" akauliza. "Watasema tumezeeka." Akakaa kwenye cherehani, akakunja pindo la pazia kama afanyavyo siku zote: vidole vinne, mara mbili. Vidole vinane vikaingia ndani. Sisi tukamsifu kwa mshono ulionyooka.

Kitambaa kikatundikwa. Nguzo ya asubuhi ilibaki vidole vinne, mchana viwili, alasiri kimoja. Fundi viatu wetu, jirani mwema, akasema kutoka nyuma, "Kumbe alasiri wauguzi wanalinda viti." Ukumbi ukacheka, na sisi tukacheka. Jedwali lilikuwa limebandikwa nyuma ya mlango, na mlango ulikuwa wazi siku nzima.

Wiki iliyofuata likatoka tangazo kwamba chumba cha watoto kitafungwa alasiri, ukishatia sahihi yako.

Bi Pindo alilisoma, akaenda nyumbani bila kuaga. Kesho yake alikichukua kile kitambaa akipige pasi, kwa kuwa kazi humtuliza. Pasi ikakwama kwenye pindo. Akalipapasa kwa kidole gumba, polepole, kisha akavuta kiti.

"Njooni," akatuita. "Humu ndani mna watoto."

Tulipima, tukaona. Akasema, "Nimemfungia mlango mjukuu wangu kwa mkono wangu mwenyewe." Mwalimu akachuchumaa mbele yake. "Mama, kitambaa nilikikata mimi, sikuacha nyongeza ya pindo. Tena sikuwaambia mweke namba pembeni. Nguzo zikianzia sifuri husema kweli. Ukizikata miguu zote sawa, aliyepungua kidogo huonekana hayupo."

Fundi viatu alipopata habari alikuja na uzi wake mgumu, akatusaidia kushona namba pembeni. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alishona mpaka sifuri.

OMBI

Ombi letu ni moja. Usitie sahihi kabla hujaona kitambaa kizima. Asubuhi ikileta watoto wanne, alasiri huleta watatu. Pindo lilisema wanne kwa mmoja, na pindo halikuhesabu mtu. Kadi zipo kwa muuguzi mkuu, na jedwali safari hii liko mezani kwako, chini ya glasi ya maji. Hatuombi kuonewa huruma. Tunajua tulichohesabu, na tuko tayari kukihesabu tena mbele yako.

Wageni rasmi hukata utepe. Sisi hatuna utepe. Pindo la upande wa asubuhi na mchana tumeshalifumua, la alasiri tumekuachia. Mkasi huo hapo kwenye mto mdogo, na Bi Pindo atakushikia ukingo. Kata taratibu, mheshimiwa, maana yeye hushona imara. Mjukuu wake yuko darasani saa hizi. Atatoka alasiri.

Mungu akupe afya, akulindie watoto wako na wa wenzako, na mkono wako ukatie sahihi mahali utakapofurahi kupakumbuka.

Ni sisi bibi zenu,
Kikundi cha Washona Mapazia wa Chumba cha Nyuma