Mkono wa Nuru na Sikio la Pili

Benchi la Faida, muuza kahawa, liko Kasongo, pale barabara ya Kabambare inapoingilia mjini, na wateja wake wa kila siku ni watatu: Abdallah fundi cherehani, aitwaye Sentimita, Pitchou wa pikipiki, aitwaye Turbo, na Placide, aitwaye Profesa ingawa hajafundisha hata kuku. Asubuhi hiyo Faida aliwamiminia kahawa. Wiki mbili nyuma redio ilitangaza kwamba chama cha akina mama kitalipia watoto wadogo karo ya shule ya binafsi, na leo ndiyo siku ya kuandika majina. Binti yake Nuru, mwenye miaka minne, hushinda kando ya jiko la kahawa, na juzi tu cheche zilimuunguza goti. Karo Faida haiwezi. Na Kasongo nzima inajua mlango wa shule unafunguliwa na nini: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, aguse sikio la upande wa pili.

— Nuru, pitisha mukono! aliamuru Sentimita.

Mkono ulipanda, ukakwama juu ya sikio.

— Inabakia santimetre ine. Jana ilikuwa tano. Haba na haba hujaza kibaba!

— Mumuvute kidole, alisema Turbo. Mukono mutupu haulambwi!

— Iyo ni methali ya chakula, alisema Faida.

— Basi mumupe maharagi!

— Miye nilisoma, alisema Profesa. Kichwa ndiyo iko kubwa. Mukate nywele, itapunguka.

— Nywele ya mutoto wangu muache!

Turbo alishusha sauti.

— Munajua juu ya nini wanapima mikono? Ku Lusangi mashimo ya dhahabu iko nyembamba. Wanatafuta mikono mirefu ya kuchokora.

— Uongo! alisema Sentimita. Wanatafuta magolikipa. Wazungu wanawanunua wangali wadogo.

Faida hakucheka. Wiki mbili nzima amekuwa akimsugua Nuru bega kwa mawese na kumvuta mkono taratibu, huku akijionea haya.

Pikipiki ikasimama. Akashuka mama mmoja mwekundu kwa vumbi la Kabambare, faili kwapani, akaomba kahawa ya tangawizi. Akamtazama Nuru, mkono wake ungali juu ya kichwa.

— Mutoto anaumwa kichwa?

— Hapana, mama, alijibu Profesa. Anatafuta sikio, juu ya musaada ya masomo.

— Nani aliwaambia mukono inapashwa kufika?

Sentimita akamtazama Turbo. Turbo akamtazama Profesa. Profesa akatazama ndani ya kikombe, nacho kilikuwa kitupu.

— Miye ni Marguerite, wa chama. Musaada yetu ni ya watoto wadogo kabisa. Wengi hawana karatasi ya kuzaliwa, basi na siye tunaangalia mukono juu ya kujua miaka. Ule anafika iko na miaka sita, aende shule ya primaire ya serikali, kule hawalipishe. Ule hafike bado, ndiye wetu.

Faida alitaka kushangilia, kisha akakumbuka. Yale mawese! Kule kuvuta! Je, kama ameupoteza msaada kwa mikono yake mwenyewe?

— Nuru, jaribu tena, mama, alisema Marguerite.

Faida alitamani kumnong'oneza mtoto asijikaze, lakini hila hakuitaka. Nuru akatoa ulimi, akasimama kwa vidole vya miguu, akanyoosha. Benchi lililoomba wiki mbili sentimita zipungue sasa liliomba zisipungue. Kidole kilitambaa juu ya nywele, kikatetemeka, kikagoma.

— Hafike! Turbo alipiga kelele, akamkumbatia Sentimita, kahawa ikawamwagikia wote wawili.

Nuru akaangua kilio.

— Mama, sikufika!

— Ndiyo, mama yangu, haukufika! Mungu asifiwe, haukufika!

Faida akamnyanyua juu, akapiga vigelegele hadi wauza mihogo wa ng'ambo ya barabara wakasimama.

— Ni miye nilikataza kumuvuta sana, alisema Profesa, na hakuna aliyepata nafasi ya kumbishia.

Marguerite alifungua faili gotini.

— Jina ya mutoto?

Faida alijifuta machozi kwa kitenge, akalitaja jina la bintiye, na la baba yake, na la babu yake, kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, na hakuondoka hapo mpaka alipoliona limeandikwa.